Mtamba wa Yunisi na Betri ya Shamte

Yunisi wa Kinyangiri alikuwa mwanamke wa kuweka. Mtama ukishapigwa na kupepetwa, aliujaza kwenye kihenge mpaka shingoni, akakisiliba mdomo kwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu, kisha akakipa kisogo kama vile hakimo ndani ya nyumba. Watoto walie, wageni waje, kihenge cha nyuma hakiguswi mpaka ule mwezi ambao wenzake wameanza kula mboga bila ugali. Mwezi huo ndipo Yunisi alipopita kijijini kifua mbele, anamsalimia kila mtu kwa jina.

Na katika vyote alivyoweka maishani, kikubwa kilikuwa mtamba mmoja mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Mtamba huyo alianzia kwenye mayai. Yunisi aliatamisha kuku, akawauzia wale wachuuzi wanaokusanya kuku wa kupeleka Dar es Salaam, akanunua mbuzi jike. Mbuzi akazaa, watoto wakazaa, wengine fisi akala, wengine wakafa kwa kuhara, naye akaanza tena. Mwaka wa tisa akaswaga mbuzi saba mpaka kwa mwenye ng'ombe na kurudi na ndama jike. Ng'ombe wengine kumi na mmoja zizini walikuwa wa mumewe Nathanaeli, maana yake walikuwa wa ukoo. Ilijulikana wazi kwamba siku Nathanaeli akifumba macho, wadogo zake, Mathayo akiwa mbele, wangekuja na fimbo zao kuwagawana, na mjane angebaki na jembe. Mtamba ndiye angekuwa ugali wa Yunisi siku hiyo.

Siku hiyo nayo haikuwa mbali sana. Nathanaeli miguu ilikuwa imemkataa. Mwaka wa pili sasa alishinda kwenye kitanda cha kamba ndani ya tembe lao la paa la udongo, humo mnamoingia mwanga wa mlangoni tu, akisikiliza dunia kwa masikio.

Basi mwaka ule wa uchaguzi wa pili wa vyama vingi, mtoto wao Emilian, aliyekuwa na kibarua Arusha, akaleta sola. Ilikuwa kioo cheusi, upana wa ungo, chenye waya mbili mgongoni. Emilian akakiweka juu ya paa la tembe, pale kwenye udongo ambapo mama yake alianika mlenda, akashusha waya kwenye redio ya baba yake. Redio ikaongea. Haikuwa na betri hata moja tumboni.

Yunisi alisubiri mwanawe aondoke, akapanda paani peke yake. Akakigusa kile kioo, kilikuwa cha moto kama jiwe lolote la saa saba mchana. Akakiinua atazame chini yake, hakukuwa na kitu. Akaweka sikio, hakikulia. Akakifunika kwa khanga yake, na ndani ya nyumba mtangazaji akanyamaza katikati ya neno. Akaifunua khanga, mtangazaji akaendelea, tena bila hasira. Yunisi alikaa juu ya lile paa kwa muda mrefu, khanga mkononi. Miaka sitini na zaidi jua lilikuwa likimchoma mgongo shambani, na hakuwahi kudhani kwamba ndani yake mna sauti za watu.

Tangu siku hiyo alikihudumia kile kioo kama anavyohudumia mlenda. Asubuhi anakielekeza mashariki, mchana anakilaza, jioni anakigeuzia machweo. Alikipangusa vumbi kwa kitambaa cha sahani. Kuku akipanda juu yake redio inakwama, na Yunisi alijifunza kurusha kigongo kutoka jikoni bila kuacha kusonga ugali. Majirani walikuja kusikiliza, na yeye akawa anawapangia pa kukaa.

Lakini jua lilipozama nyuma ya vilima, redio ilikata. Hapo ndipo usiku wa Nathanaeli ulipoanza. Koroboi ilikuwepo, ila moshi wake ulimkohoza mpaka machozi, kwa hiyo baada ya kula waliizima. Nathanaeli hakuwa mtu wa kulalamika. Aliuliza tu, "Mama Emilian, saa ngapi sasa?" Na Yunisi alijibu, "Bado." Baadaye kidogo tena, "Saa ngapi?" "Bado." Waliishi hivyo.

Shamte ndiye aliyeleta maneno ya betri. Shamte alikuwa mfanyabiashara wa Singida mjini, baba yake mtu wa Pwani na mama yake Mnyaturu. Kila mwezi alikuja mnadani na pikapu yake kununua ng'ombe na kuuza kila kitu ambacho zamani watu walikipangia foleni kwenye duka la ushirika na bado wakakikosa. Siku hiyo alipita nyumbani kwa Yunisi kuomba maji, akaiona ile sola paani, akauliza usiku wanafanyaje. Alipoambiwa usiku hawafanyi chochote, alicheka. Akasema jua lote lile linamwagika bure. Sola peke yake, alisema, ni mlo wa mchana, na mwenye betri ndiye anayekula jioni.

Yunisi akamjibu kwamba jua haliwekwi. Mtama unawekwa, asali inawekwa, nyama ikikaushwa inawekwa. Jua likizama limezama.

"Sawa, mama," Shamte akasema. "Kaa nayo uone."

Akashusha kutoka kwenye pikapu betri kuukuu ya gari, nzito kama jiwe la kusagia, na taa moja ndogo. Akaiunganisha na sola, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, akamwonyesha Yunisi mpaka naye akaweza kuunganisha mwenyewe. Akasema atapita jioni akirudi kutoka mnadani.

Alirudi jua limeshazama, giza limeingia ndani. Akabonyeza.

Yunisi aliona paa la nyumba yake. Aliishi chini ya paa hilo miaka thelathini na nne na hakuwahi kuliona jioni. Liling'aa kwa masizi, meusi yenye mafuta, na buibui walikuwa wamelishona kona hadi kona. Aliona kihenge chake kina ufa. Akamwona Nathanaeli. Ndevu zake zilikuwa zimekuwa nyeupe zote, nyeupe kama pamba iliyopasuka, naye Yunisi alikuwa na habari za mvi mbili tatu tu. Nathanaeli naye alikuwa anamtazama yeye, na midomo yake ilikuwa wazi kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza jina la mgeni.

Yunisi akatoka nje. Alitaka kuhakikisha jua limekwenda kweli. Lilikuwa limekwenda, nyota zimetoka, mbuzi wamelala. Akageuka, akaiona nyumba yake inavuja mwanga kila mahali, chini ya mlango, kwenye nyufa za ukuta, pale paa linapokutana na udongo. Jua la saa nane mchana, lile lile lililomchoma akipalilia, lilikuwa limeingia ndani ya nyumba yake na kukaa. Alisimama na mikono kichwani. Mwili ulimsisimka kama siku ile ya ubatizo wake alipotolewa majini.

Shamte alikuja akasimama pembeni yake, akamweleza masharti kwa heshima. Betri ile kuukuu ni ya kujaribia. Akitaka kuendelea, mnada wa tatu kutoka leo amletee ng'ombe mmoja, naye atampa betri mpya, taa mbili na waya. Asipotaka, arudishe betri, hakuna deni.

Ng'ombe mmoja. Yunisi hakuhitaji kuambiwa ni yupi. Aliuliza hata hivyo, akamwita Mathayo, kwa kuwa mzee mwenyewe hawezi kuuza ng'ombe wa ukoo bila wadogo zake kukaa kikao. Mathayo alikuja, akasifu taa, akala ugali chini yake, kisha akasema ng'ombe wa ukoo hawauzwi kununua mwanga. Wazee wote walikufa gizani na wakafika salama.

Alipoondoka, Nathanaeli akamwita mkewe kitandani. Alisema neno moja na hakulirudia tena.

"Mtamba wako usimguse. Mimi nimeshazoea giza. Wewe hujazoea kuomba kwa Mathayo."

Sasa Yunisi akawa na minada mitatu ya kufikiri. Na kwa kuwa ni mwanamke wa kuweka, alifanya kile ambacho mwanamke wa kuweka wa Kinyangiri angefanya. Ilikuwa Septemba, jua kali, redio inaongea mchana kutwa. Kwa nini ale mwanga sasa, wakati wa neema? Aliujua mwezi wa njaa wa jua, ule ambao mawingu yanakaa siku nne juu ya vilima na miguu ya Nathanaeli inauma kupita kawaida kwa sababu ya baridi. Mwanga ulikuwa wa kuwekewa mwezi huo. Akiweza kuuweka mpaka hapo, atajua betri ni kitu cha maana. Akishindwa, mtamba amepona.

Akaijaza betri siku kumi na mbili, hakuwasha taa hata mara moja. Nathanaeli akiuliza saa ngapi, alijibu bado. Siku ya kumi na tatu akaichomoa waya, akaiweka kwenye kona nyuma ya kihenge, juu ya gunia. Halafu, ili asiingie mdudu wala usitoke mwanga, akakoroga mavi ya ng'ombe na majivu, mabichi kabisa, akaisiliba yote, juu na pembeni, na vile vichwa vyake viwili vya kushikia waya. Akanawa mikono, akaipa kisogo.

Majirani waliokuja kuiona taa aliwaambia imehifadhiwa. Walimwelewa. Yupo hata aliyeuliza alitumia majivu ya mti gani.

Mnada wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mwishoni mwa Novemba mawingu yakaja, mazito, rangi ya sufuria. Redio ikakohoa asubuhi, saa nne ikanyamaza. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Jioni ya siku hiyo ya pili, kesho yake ikiwa mnada wa tatu, Nathanaeli aliuliza saa ngapi mara nne kabla ugali haujaiva. Yunisi akasema sasa ndio wakati. Akaitoa betri kwenye kona, akaibandua mavi makavu kwa kisu, akaipangusa, akaunganisha taa, akabonyeza.

Taa ikawa nyekundu kidogo, kama moto wa sigara ya mtu aliye mbali. Ikafifia. Ikafa.

Akabonyeza tena. Hakuna.

Nathanaeli alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Mama Emilian, panya wameingia kihengeni." Yunisi hakucheka. Alisema kesho anairudisha betri ya watu, na mtamba wake abaki zizini. Nathanaeli akaacha kucheka, akasema ni vyema hivyo. Alisema kwa sauti nyepesi mno, kama mtu anayemwachia mwenzake kiti.

Asubuhi Yunisi akamwomba jirani yao Laurian aibebe betri kwenye baiskeli, yeye akatembea nyuma. Walimkuta Shamte mnadani amezungukwa na ng'ombe na watu. Alimwamkia shikamoo, akainama kuitazama betri, akanusa kidole chake.

"Mama, hii ni nini?"

"Nimeisiliba."

Shamte alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaghairi. Akaketi juu ya gunia la chumvi, akamweleza taratibu. Yale mavi mabichi yalikutanisha vile vichwa viwili, na umeme ukavujia humo kidogo kidogo, siku na usiku, mpaka ukaisha. Lakini hata asingeisiliba, alisema, ingepungua tu. Betri kama hii ukiiacha imekaa, inakufa. Yenyewe inataka uitumie kila jioni, na asubuhi jua liijaze. Siku za mawingu utumie kidogo, taa moja. Inachakaa polepole, miaka kadhaa, halafu unatafuta nyingine. Ni kama ng'ombe wa maziwa, alisema. Usipomkamua anakauka, na titi linaoza.

Yunisi alimwambia arudie. Akarudia.

"Kwa hiyo cha jana siwezi kukiweka mpaka mwezi ujao."

"Huwezi, mama. Cha jana unakula leo."

"Na kesho?"

"Kesho linakuja jingine."

Yunisi akaondoka pale bila kuaga, akaenda kusimama mahali pasipo na watu. Mawingu yalikuwa yameanza kupasuka upande wa Nduguti, na jua lilishuka kwenye mbuga kama mtu anayemwaga maji kwenye beseni, halipimi wala haliangalii linamwagikia nani. Alilitazama mpaka macho yakamtoka machozi. Maisha yake yote alikuwa ameogopa kitu kupungua. Na hiki hapa kilikuwa kinakuja kila siku, kingi hivi, na wala hakimwombi akiweke. Kilimwomba akile tu, jioni ya siku hiyo hiyo.

Akafikiri juu ya mtamba. Mtamba alikuwa wa siku ambazo Nathanaeli hatakuwepo. Siku hizo aliziandalia miaka tisa ya mayai na mbuzi na fisi. Siku ambazo Nathanaeli yupo, hizi za saa ngapi na bado, hakuziandalia kitu, alizipitisha gizani zikiisha moja moja. Na ndevu zake zilikuwa nyeupe zote.

Akamwambia Shamte asiondoke.

Ilikuwa mwendo wa saa nzima kurudi mpaka bondeni ambako ng'ombe walichungwa. Yunisi aliufupisha. Zamu ya kuchunga siku hiyo ilikuwa ya Mathayo mwenyewe, ng'ombe wake na wa kaka yake pamoja. Mathayo alimwona shemeji yake anakuja na kamba, akamwangalia akimfunga mtamba pembeni, kisha akajisogeza akasimama njiani.

"Shemeji, ng'ombe wa kaka unampeleka wapi?"

"Ng'ombe wa kaka yako ni hao. Huyu alitoka kwenye mayai."

"Yumo zizini mwetu, anakula majani yetu. Siku ya kugawana tutakaa na kuangalia yupi ni wa mayai na yupi si wa mayai."

Yunisi akamtazama shemeji yake kuanzia kofia mpaka makubadhi. Miaka yote alidhani mtamba yule amefichwa salama. Kumbe ameshahesabiwa.

"Basi mkae leo," akasema. "Mimi nasubiri. Kaa chini, Mathayo, anza kikao."

Mathayo hakukaa. Alitazama fimbo yake, akatazama ng'ombe, akasogea pembeni ya njia hatua mbili. Yunisi akapita na mtamba wake. Mtamba alitembea vizuri siku hiyo, hakuvuta kamba hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma.

Shamte aliipokea kamba kwa mikono miwili. Alimpa betri mpya, ya kung'aa, taa mbili na waya, akamwongezea chupa ya maji ya betri bila kuombwa. Akamuuliza kama ana hakika. Yunisi akamwuliza kama maji hayo yanaongezwa kila mwezi au kila jua likiwa kali. Hakugeuka kumtazama mtamba akipandishwa kwenye lori la wanunuzi wa ng'ombe, ila alimsikia.

Laurian alisukuma baiskeli mpaka nyumbani, betri imefunikwa kwa khanga. Yunisi aliingia nayo kimya kwa mlango wa jikoni, akaiweka kwenye kona, akaunganisha nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nathanaeli akauliza kama amerudisha betri ya watu. Alijibu kwamba alimpelekea, ndiyo, na Shamte anamsalimu.

Ng'ombe wakarudi. Nathanaeli akageuza kichwa upande wa zizi. Wakati kwato zinapita nje ya ukuta alitikisa kidole kimoja kimoja juu ya blanketi. Lango la zizi likafungwa. Kidole kikabaki hewani.

"Mama Emilian. Mmoja hayupo."

"Masikio yako yamezeeka."

"Yule anayeburuta ukwato wa nyuma. Wako."

"Nimesema masikio yamezeeka."

Giza lilikuwa limeshajaa ndani, hawakuonana. Halafu Nathanaeli akasema polepole, na sauti yake haikuwa ya hasira.

"Haya. Washa hiyo taa nikuone usoni wakati unasema hivyo."

Yunisi akapapasa ukutani, akabonyeza.